Chale za Tumbo Langu

Jumatatu, 6 Mei 2019
Leo wanaume wametoa nguzo mpya ya nyumba yao ya mikutano wakaioshe mtoni. Nimemwona Mama wa ukoo wetu, yule aliyetuzaa sote, aliyechongwa juu yake. Miguu imara, matiti mazuri, sikatai. Tumbo je? Macho ya samaki! Hizo chale za ukoo wa Yamanda. Zetu ni meno ya mamba, mistari mitatu!

Mchongaji ni Ignas, mjukuu wa mdogo wangu Kolion. Anayemchonga Mama huja kwanza kwa mwanamke mwenye chale, akazipapasa. Nimebaki mimi tu. Wenzangu wote wamezikwa nazo. Na hakuna aliyekuja!

Jumanne, 7 Mei
Nimemfuata Kolion. Anatafuna popoo kama hana hatia. Eti Ignas ameiga picha ya kitabu cha makumbusho ya ng'ambo, na kitabu kimeandika huyo ni Mama yetu. Nikamuuliza, hicho kitabu kililazwa chini lini kikakatwa chale kwa mwanzi, kama mimi?

"Dada, Jumamosi tunasimamisha nguzo. Nani atachungulia tumbo?"

Nani! Yamanda watachungulia! Watasema Mama ni wao, na mfereji wa samaki aliotuachia ni wao. Mti bado mnene, tumbo linaweza kuparwa upya. Uvivu tu.

Alhamisi, 9 Mei
Ignas kapita na mtumbwi, kajifanya hanioni. Mkate wangu wa sago umeungua nikimwangalia. Shauri yake.

Jumamosi, 11 Mei
Nimewawahi. Nimekaa juu ya nguzo — mimi, mwanamke, nisiyeruhusiwa hata kuigusa! Naandikia gotini. Wanaume ishirini na kamba zao wameduwaa.

Kolion anafoka, "Shuka, Dada, unatuaibisha!"

Nani kamwaibisha nani? Nikapandisha blauzi. Wote wakageuka kutazama mto! Na wote walinyonya matiti kama haya haya hapa kijijini!

"Ignas, mume wangu, njoo. Au unaogopa mkeo?"

Eti apige picha kwa simu, akaitazame pembeni. Nikamwambia mtu hasomi chale kwa simu. Kidole!

Kolion amewaamuru wafunge kamba, niwe juu ya nguzo au chini. Wanafunga kweli, washenzi hawa. Siondoki.

Ignas amechuchumaa. Patasi mkono mmoja. Kidole cha mkono wa pili kimegusa mstari wa kwanza wa meno. Wa pili. Kamba zimekazwa, nguzo imetikisika.

Ananong'ona, "Bibi, mstari wa tatu unaanzia wapi?"

Sasa ndipo ananiuliza!