Jiwe Lililolala Haliwaki

Pozo del Fierro,
Chaco, Argentina.
4 Agosti

Mpendwa mjukuu wangu Itatí,

Aibu uliyonitia Jumapili bado sijaimeza. Lakini salamu kwanza: hujambo? Kifua kimepona? Mama yako Delfina anakula vizuri huko Bergen? Mimi ni mzima, ila situlii. Nafagia ua mara mbili, chai yangu ya majani ya yerba mate inapoa kibuyuni, naenda getini, narudi.

Ile sauti uliyonitumia kwenye simu, ukijifunza kuwaeleza wageni mawe yetu yaliyoanguka kutoka angani, niliifungua mbele ya Don Anselmo, mwenyekiti wa kamati inayochagua mwongoza wageni. Nilitaka kujivuna. Wewe ukaliita jiwe lililolala shimoni meteoro. Alicheka mpaka akavua kofia.

“Doña Eduvigis, mjukuu wako ataleta wageni waone moto uliozimika kabla babu zetu hawajazaliwa.”

“Cheka tu, Anselmo. Babako alifunga ng'ombe kwenye jiwe la mbinguni miaka kumi akidhani ni chuma cha reli.”

Akavaa tena kofia yake. Lakini alisema kweli, na hicho ndicho kinachoniwasha.

Sasa shika. Likiwa bado linazurura huko juu, ni meteoroide. Likipita linawaka, meteoro. Likishafika ardhini, meteorito. Mimi niliishia darasa la tatu. Maneno haya niliyaokota nikiwapikia wachimbaji wa chuo kikuu, mikono imejaa unga. Wewe una simu, una mwalimu. Kisingizio chako nini?

Kamati inakaa Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Desturi yetu unaijua: unaweka kiganja juu ya jiwe, unataja kila kitu bila karatasi, wazee wanakutazama. Ukikosea, kazi anapewa yule bwana wa mjini anayeitaka pia, nawe unarudi Norwe. Chumba chako nimeshakipaka chokaa. Nina miaka themanini na mmoja, Itatí. Kukungoja mara ya pili sitaweza.

Msalimie mama yako, na baba yako Torleif, asiyejua kuongea nami ila hucheka vizuri. Bikira wa Itatí, uliyepewa jina lake, akutangulie njiani.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata nikifoka,
Eduvigis Maidana

Usigeuze karatasi, nyuma hakuna kitu. Toka nje sasa hivi, okota jiwe lolote, liwekee kiganja, uyataje yote matatu kwa sauti mara hamsini. Wanorwe wakikushangaa, waache washangae.