Mlango wa Hapana

Thornbeck, 6 Septemba

Mdogo wangu Russell,

Niwie radhi kwa kimya hiki kirefu. Tangu usiku wa uchaguzi sikukuandikia wala kukupigia simu, na kila Mama alipouliza habari zako nilimjibu kwamba una kazi nyingi. Kimya kilikuwa changu. Kukuona kwenye televisheni na utepe wa buluu kifuani, rangi ya chama cha matajiri, wewe uliyelelewa na baba aliyewatetea wafanyakazi wenzake kiwandani maisha yake yote, kulinishinda. Sasa umekuwa Mbunge wa watu wengine huko kusini, na hayo yamepita.

Je, u mzima? Imogen hajambo, na mtoto? Sisi tu wazima, ila Dougie anakohoa na mvua haijakatika tangu Jumatatu. Mama mkono wake wa kushoto hautulii tena. Kikombe cha chai namshikia mimi. Ulimi wake, lakini, haujaugua. Juzi daktari alimpima akili kwa kumwuliza kama anamjua Waziri Mkuu. Akamjibu, "Namjua, lakini wataka nimtaje kabla sijanywa chai?"

Nakuandikia kwa sababu tukipigiana simu tunagombana. Barua itakulazimisha unisikilize hadi mwisho.

Unaijua nafuu ya kodi wanayorudishiwa watu wanaofanya kazi lakini mshahara hauwatoshi. Sisi ni miongoni mwao. Mimi nipo jikoni shuleni hadi watoto wamalize chakula cha mchana. Dougie yupo kiwanda cha mikate, zamu ya usiku. Yeye hukaa na Mama asubuhi kabla ya kulala, mimi hukaa naye tangu mchana. Nafuu hiyo ndiyo inayotuwezesha kuishi hivyo. Sasa Waziri wa Fedha anataka kuipunguza. Akifanikiwa, itanibidi nichukue zamu ya jioni kule ghalani wanakofungasha vitu vilivyoagizwa mtandaoni, na Mama atakwenda nyumba ya wazee. Nimekwisha kuitazama. Ni safi. Wazee wameketi wakiegemea ukuta, na televisheni inasema peke yake.

Nakuomba jambo moja tu. Siku ya kura, mnapopita mlango wa Ndiyo au wa Hapana ili mhesabiwe, wewe pita wa Hapana.

Dada yako,
Lorraine


London, 15 Septemba

Dada Lorraine,

Barua yako ilinikuta mzima, nami nimefurahi kuona mwandiko wako kuliko unavyodhani. Mpe pole Dougie. Mwambie Mama kwamba jibu lake kwa daktari nimelisimulia kwenye mgahawa wa Bunge, na hata wale waliomtaja Waziri Mkuu kabla ya chai walicheka.

Hili la kura si jepesi kama unavyoliona. Serikali inasema mishahara ya chini itapanda, na ikipanda, nafuu haitahitajika sana. Mimi mwenyewe nililisema hilo majukwaani, tena nililiamini. Isitoshe, wingi wetu Bungeni ni mdogo mno. Kwetu kuna mtu anayeitwa mnadhimu wa chama, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba kengele ya kura ikilia kila mmoja wetu anapita mlango anaotakiwa kupita. Wetu ni Bwana Fanshawe. Jana alinisimamisha ukumbini.

"Aspinall, kijana wangu, mama yako yu hali gani?"

Sijapata kumwambia kwamba nina mama. Nikamjibu kwamba anaumwa kidogo.

"Pole sana," akasema. "Basi usimwongezee wasiwasi kwa kuiharibu kazi yako mapema."

Kisha akanipigapiga begani na kwenda zake.

Humu nimeweka hundi. Itawasaidia hadi majira ya kuchipua, na baada ya hapo nitatuma nyingine. Kwa njia hii Mama hatahamishwa, wewe hutakwenda ghalani, na mimi sitahitaji kugombana na mtu yeyote.

Mdogo wako,
Russell


Thornbeck, 20 Septemba

Russell,

Natumaini hujambo. Mama amelala vizuri juzi na jana.

Hundi yako nimeirudisha humu ndani. Dougie alitaka tuipokee, nami sikumlaumu. Ana haki ya kuchoka. Lakini nilipokuwa naisoma barua yako Bi Nasreen wa nyumba ya pili alikuwa jikoni kwangu, ameleta sahani ya sambusa kama kawaida yake. Mumewe yupo ghalani, yeye mwenyewe anafagia hospitalini, na watoto wao ni wanne. Akaniuliza mdogo wangu amesemaje. Nikamweleza.

"Hongera," akasema. "Mimi kaka yangu ni dereva wa teksi kule Bradford. Sasa mimi nimwandikie nani?"

Kama jibu unalo wewe, lilete. Usilete hundi.

Lorraine


London, 11 Oktoba

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa. Hatujambo, ingawa Imogen anasema silali nikalala. Nilikuwa kwenye mkutano mkuu wa chama, na kila nilipoanza kukuandikia nilijikuta nikirudia maneno ya hotuba za watu wengine.

Jibu la Bi Nasreen sinalo. Nimelitafuta.

Kura ni Jumanne ya tarehe 20. Nakuahidi: sitapita mlango wa Ndiyo. Chama changu chote kitapita huko, na mimi sitakuwemo. Lakini tafadhali usimwambie mtu, hata Mama. Fanshawe akisikia kabla ya siku yenyewe, watanizunguka kama kunguru.

Mdogo wako,
Russell


Thornbeck, 21 Oktoba

Russell,

Mama hajambo. Mimi usiniulize.

Ulinikataza nisimwambie mtu. Nilimwambia Mama, kisha nikawaambia wote jikoni shuleni, na kosa hilo ni langu. Nilikuwa na fahari, Russell. Tangu Mei nilikuwa nikikwepa kutaja kwamba Mbunge yule wa buluu ni ndugu yangu. Jumatatu nililitangaza mbele ya masufuria, na Pauline, mkuu wetu wa jikoni, akaniambia, "Akifanya hivyo kweli, nitamwokea pai ya nyama na viazi na kuipeleka London mwenyewe, nimeishika mapajani."

Tulikutana sebuleni kwangu kuutazama mjadala. Pauline, Bi Nasreen na mumewe, Dougie ambaye alipaswa kuwa amelala, na Mama kwenye kiti chake. Tulikuona, safu ya nyuma, karibu na nguzo.

"Ndiye huyo?" Pauline akauliza. "Mbona amekonda? Hawamlishi?"

"Anakula kwa macho," Mama akasema. "Tangu utotoni."

Mwanamke mmoja wa chama chako alisimama akasema kwamba dhamiri yake haimruhusu. Sebule nzima ilipiga makofi. Waziri akajibu kwamba familia zenye bidii hazina la kuogopa. Mume wa Bi Nasreen, ambaye hujawahi kumsikia akipaza sauti, aliiambia televisheni, "Basi njoo ushike zamu yangu kesho, bwana mkubwa."

Kisha kengele ikalia, mkaanza kuinuka, na tangu hapo sikukuona tena. Hoja ikapita kwa kura chache sana.

Asubuhi majina yalikuwa yametolewa. Jina lako halimo katika Ndiyo, wala halimo katika Hapana. Tulikuwa tunamenya viazi. Pauline akaniambia, bila ubaya, na hilo ndilo lililoniumiza, "Lorraine, mpenzi, mdogo wako alikwenda chooni?" Wote wakacheka. Nikacheka nao.

Mama ameniuliza mara mbili umepita mlango gani. Nimemwambia kwamba sikuona vizuri. Ulikuwa wapi?

Lorraine


London, 30 Oktoba

Dada Lorraine,

Sitauliza habari za afya yako kwa sababu ulinikataza. Nitajibu ulichouliza.

Nilikuwa kwenye chumba cha kusomea, nimefunga mlango, nikisikiliza kengele.

Saa chache kabla ya kura Fanshawe alinifuata. Sijui nani alimnong'oneza. Pengine uso wangu ulitosha. Hakunitisha. Alisema, "Naona hili linakutesa. Sitaki kukutesa. Nitakutafutia jozi." Hapa kwetu ni desturi ya zamani. Mbunge wa upande mmoja akiwa mgonjwa, hutafutiwa mwenzake wa upande wa pili, na wote wawili hawapigi kura. Ndiyo moja hufuta Hapana moja, na hesabu hubaki kama ilivyokuwa. Haiandikwi popote. Ni neno la watu wawili waungwana. Jozi yangu alikuwa Bi Rhiannon Pugh, mama mmoja wa Wales wa chama cha upinzani, aliyekuwa amelazwa baada ya kupasuliwa nyonga.

Nikaona nimepata njia. Nilikuahidi kwamba sitapita mlango wa Ndiyo, na sikupita. Niliondoka pale nikijihisi mwepesi. Nakwambia ukweli, nilijisikia mwerevu.

Juzi Bi Pugh amerudi na magongo yake mawili. Nilimkuta kwenye lifti, nikamsalimu, nikamwambia kwamba nimefurahi kumsaidia, kwa kuwa kura ile ilikuwa inanipa taabu. Akanikazia macho.

"Taabu gani, kijana?"

"Nilikuwa nataka kupiga Hapana."

Lifti ilifika, mlango ukafunguka, wala hakutoka.

"Ulikuwa unataka kupiga Hapana," akasema polepole, "na ukakubali kuwa jozi yangu? Mwanangu, jozi hufungwa na mtu wa Ndiyo! Mimi nilikuwa wa Hapana. Nilikwisha kuagiza gari la wagonjwa. Wangenileta hadi ua wa Bunge, wangenihesabu nikiwa nimelala kwenye machela, tumefanya hivyo mara nyingi. Nikalirudisha gari kwa sababu niliambiwa kwamba Aspinall wa Serikali amekubali kukaa nje."

Nikaushika mlango wa lifti usifungike.

"Basi hukukaa nje," akasema. "Umenifungia mimi nje." Akatoka na magongo yake.

Dada, kila mgeni anayeingia Bunge hili hufundishwa desturi hiyo wiki ya kwanza. Nami nilifundishwa. Nilisahau kujiuliza mimi ni nani katika jozi hiyo. Serikali haikupoteza chochote kwangu. Hapana mbili zilipotea, yangu na yake.

Sasa kuna jambo jipya. Umesikia kwamba Baraza la Malodi, ile nyumba ya juu ya Bunge, limeirudisha hoja na kuitaka Serikali ifikiri upya. Waziri amebadilisha vitu viwili vitatu na ataileta tena kwetu Jumatano ya tarehe 18. Kura zitakaribiana mno. Fanshawe amekwisha kunijia. Ana jozi nyingine tayari, safari hii mtu aliyefiwa. Nikikataa na kupiga Hapana, faili la hospitali niliyowaahidi watu wa jimbo langu litawekwa chini kabisa ya rafu, nao ni maskini vilevile, Lorraine. Nikipiga Ndiyo, unajua. Nikikubali jozi, najua mimi.

Naogopa. Mweleze Mama yote, usimfiche kitu. Kisha niambie amesemaje.

Mdogo wako,
Russell


Thornbeck, 8 Novemba

Mdogo wangu Russell,

Natumaini barua hii itakukuta umelala walau kidogo. Sisi hatujambo. Dougie ameacha kukohoa. Mama alianguka Jumanne alipokuwa akitoka bafuni, hakuvunjika, ila ana alama ya buluu mkononi, naye anawaonyesha wageni wote akisema ni zawadi ya chama chako.

Nilimsomea barua yako neno kwa neno. Tulikuwa wawili tu. Alinikatiza mara moja, penye lifti, akataka nirudie maneno ya Bi Pugh.

Lazima nikueleze pia habari za huku. Nyumba ya wazee imepata chumba kimoja, na msimamizi anataka jibu kabla ya Ijumaa ya tarehe 20, la sivyo atampa mwingine. Ghala nalo limenipa nafasi. Nalo linataka jibu wiki hiyohiyo. Ijumaa hiyo inafuata kura yenu kwa siku mbili. Nilikuwa nimepanga kusubiri nione mtakavyofanya, kisha nijibu. Nikamweleza Mama mpango wangu.

"Kwani mimi ni hoja ya Bunge?" akauliza. "Mnanijadili huku, mnanijadili kule, mmoja anasimama, mwingine anakaa, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza."

"Tunakuuliza sasa, Mama."

"Sasa mmechelewa, lakini nitajibu. Lete simu."

Alimpigia msimamizi mwenyewe. Akamwuliza kama ile televisheni huzimwa, na kama mtu huruhusiwa kujichemshia chai. Yule mwanamke alijaribu kuzungumza nami badala yake. Mama akamwambia, "Binti, anayekuja kukaa kwako ni mimi. Zungumza nami." Akamwambia kwamba atapata jibu Ijumaa, na kwamba halitategemea Jumatano.

Kisha akakutumia ujumbe huu. Nilimwomba aniruhusu niulainishe, akakataa; nikamwuliza kama ana hakika, akanitazama jinsi anavyotutazama tukisema upuuzi. Alisema:

"Mwambie Russell apige kura kama mtu ambaye mama yake amekwisha kufa. Mwanzo alitaka kuniokoa kwa hundi, kisha akataka kuniokoa kwa kujificha. Mimi nitapata pa kulala. Awatazame wale ambao hawakumzaa, kisha achague mlango. Na akishachagua, asiniambie kwamba alifanya kwa ajili yangu."

Sina la kuongeza. Sikuombi tena upite mlango wowote. Sebule Jumatano haitakuwa na watu. Nimewaambia Pauline na wenzake wabaki kwao. Nitakuwa na Mama peke yake, naye amesema huenda asitazame.

Jibu la Ijumaa atalitoa yeye. Mpaka leo hajaniambia litakuwa lipi, nami nimejizuia kumwuliza. Akishaamua, nitakuandikia.

Dada yako,
Lorraine