Kiwanja cha Hilari

Sada, mzuie mwanao! Kiwanja alichooneshwa leo ndicho kile cha Hilari. Kile kile!

Hilari alikinunua kiangazi cha tisini na saba ili ajenge vyumba vya kupangisha. Mafundi wakichimba msingi, wakatoa magamba ya konokono wa majini. Mama yake, Tekla, akashika kichwa: "Mwanangu, hapa mto huwa unakuja kulala."

Hilari akacheka. "Mama nawe! Mto uko kule!"

Mto uko kule, Sada!

Akajenga, wapangaji wakaingia. Mvua zile kubwa zikaja, mto Kilombero ukafurika, matofali mabichi yakalainika kama ugali. Hilari akarudi ndani kumtoa mtoto wa mpangaji. Hakutoka yeye wala mtoto.

Muulize mwanao kwa nini kiwanja kile huuzwa kiangazi tu.