Roli Lililoshuka Polepole

Chumba cha Pili,
Nyuma ya Kiwanda cha Uchapaji,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U mzima? Na wifi je, kile kifua kimempa nafuu? Huku tunasukuma siku, ila keti kwanza kabla hujaendelea kusoma.

Baba Mdogo ameumia kazini. Mfupa wa mguu umevunjika, lakini daktari anasema atatembea.

Jumatano tulikuwa tunateremsha maroli ya karatasi kutoka kwenye gari, yale magurudumu ya karatasi iliyoviringishwa, kilo mia nane kila moja. Kabari inayolizuia roli lisibingirike ikachomoka. Likaanza kushuka kwenye ubao wa kuteremshia, polepole, mwendo wa mtu anayekwenda dukani. Baba Mdogo amezoea kuzuia kwa mguu yale yaliyokwisha karatasi, akautanguliza. Nikapiga kelele, "Acha, Baba, toka!" Mfupa niliusikia kabla yeye hajalia.

Roli halikusimama. Mbele yake walikuwa akina mama wanaoshona vitabu, wameligeuzia migongo. Nikasukuma njiani magunia ya vipande vya karatasi. La kwanza likabonyea, la pili likabonyea, kwenye la tatu roli likatulia.

Kesho yake meneja akaandika kwamba Baba Mdogo alizembea, eti roli la mwendo ule hata mtoto angelizuia. Akanitaka mimi shahidi nitie sahihi. Kaka, damu ilinichemka. Fizikia ulinifundisha wewe, basi nikammwagia yote: kasi ilikuwa ndogo lakini tungamo kubwa, na ukizidisha hivyo viwili unapata momenta. Kuimaliza ghafla kunataka kani ambayo mguu wa mtu hauistahimili. Magunia yaliipunguza kidogokidogo, ndiyo maana yakaweza.

"Hayo ni ya darasani," akasema.

Nikateremsha roli lililokwisha karatasi. Akalizuia kwa kiatu, anacheka. Kisha nikashika kamba ya kabari ya roli lililojaa.

"Na hili, bosi? Mwendo wake ni uleule."

Akalitazama, akakitazama kiatu chake, akasogea pembeni.

Ile taarifa ya kumlaumu Baba Mdogo aliichana mwenyewe. Sasa tunaweka kabari mbili, na hakuna anayesimama mbele ya ubao.

Baba Mdogo anadhani meneja alimwonea huruma tu. Anamsifu kila nikienda kumwona. Nami namwacha aamini hivyo.

Nisalimie wifi, mapacha, na shangazi ukimpata kwenye simu. Mungu awalinde na kila lisiloonekana.

Mdogo wako, mwenye kukupenda daima,
Kitinda