Kifurushi Kisichouliza

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, 18 Mei.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Hujambo wewe, na Baba Mdogo hajambo? Goti lako je, bado linakusumbua kwenye ngazi? Na mapacha, wameshaota meno ya mbele? Sisi huku ni wazima wa mwili. Babu anakohoa asubuhi tu, na Mama ameshapona mafua. Mimi sijambo, ingawa ukiniona utasema nimekonda.

Uliniuliza kazi inakwendaje. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa natafuta la kusema.

Unakumbuka nilipata kibarua katika idara ya kompyuta. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka ofisi zote, ghorofa hadi ghorofa, nikiweka programu mpya kwenye kompyuta moja moja. Programu inauliza: unakubali masharti? Iwekwe wapi? Tuendelee? Mimi najibu ndiyo, nasubiri, najibu ndiyo tena. Mama wa uhasibu akanipachika jina. Kila nikibisha mlango anasema, "Karibu Bi Ndiyo, kalia kiti changu, nami nipumzishe macho." Unajua nilivyo, shuleni hata kuitika jina langu ilikuwa tabu. Lakini pale, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na kazi, niliweza kukaa na watu wazima na kucheka nao.

Mwezi uliopita Fundi, ndiye mkubwa wangu, alileta jambo jipya. Alisema tutaifunga programu ndani ya kifurushi pamoja na majibu yake yote, kisha kompyuta kuu ikitume kwa nyingine zote kupitia mtandao. Hakuna atakayeulizwa kitu. Akanivutia kiti. "Wewe umeyahifadhi maswali yake. Nitajie, niandike majibu." Nikamtajia moja baada ya jingine. Nilifurahi, Mama Mdogo, nisikufiche. Hakuna aliyewahi kunihitaji namna ile. Tulipokijaribu kwenye kompyuta ya chumba cha mikutano, programu ilijiweka yenyewe, kimya, hata Fundi hajamaliza chai yake. Nikapiga makofi. Nilikuwa njiani kurudi nyumbani ndipo nikaelewa nilichokipigia makofi.

Kikatumwa. Watu walikuta programu mpya kwenye kompyuta zao kama umande, hakuna aliyeuona ukishuka. Siku moja mama wa uhasibu alinikuta kwenye ngazi. "Bi Ndiyo, umetususa? Siku hizi huji." Nikasema nipo. Nikaendelea kushuka.

Fundi si mtu mbaya. Alikwenda kwa meneja kuniombea nibakizwe. Aliporudi akawa anafuta kioo cha kompyuta ambacho hakikuwa na vumbi. "Wanasema mwisho wa mwezi basi, mdogo wangu. Nimeongea mpaka mate yamenikauka." Nikamshukuru. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe.

Juzi ikagundulika kompyuta moja imebaki, ile ya mlinzi wa getini, ya zamani, isiyofikiwa na mtandao. Nikapewa flashi nikaiwekee programu kwa mkono. Mlinzi alinipisha kiti akasema, "Taratibu mwanangu, huyu ni bibi kizee, ukimharakisha ananuna." Sikumharakisha. Nilisoma kila swali, hata yale masharti marefu ambayo hakuna ayasomaye. Mwisho ikauliza izimike na kuwaka upya sasa au baadaye. Nikabonyeza baadaye, nikakaa. Mlinzi akauliza, "Bado tu?" Nikasema bado kidogo. Akaenda kufungua geti, wala hakuniuliza tena.

Sasa nije kwenye shida yangu. Mama hajui. Kila asubuhi ananipigia pasi blauzi, na ameshawaambia majirani kwamba binti yake ni mtu wa kompyuta. Babu naye ananiita injinia. Jana nilimfuata Mama jikoni nimwambie. Akageuka, "Unasemaje?" Nikasema naulizia chumvi. Kwingine nilikopeleka maombi wanataka uzoefu, na uzoefu wangu wote umo ndani ya kile kifurushi. Sioni mlango mwingine.

Basi nakuomba umpigie simu wewe, maana wewe anakusikiliza. Usimwambie nalia, kwa sababu silii. Wala usimpe matumaini, na mimi usinipe. Najua ungependa. Mpigie Jumamosi asubuhi anapoosha vyombo. Mimi nitakuwa nafua uani, na dirisha la jikoni huwa wazi. Nikisikia ameacha kusugua sufuria, nitajua umeshamwambia.

Nisalimie Baba Mdogo, na mapacha uwabusu mashavu yote manne. Babu anasema ukija usisahau miwani yake. Mungu alilinde goti lako na paa lililo juu yenu.

Wako akupendaye, hata anaponyamaza,
Mwanao.