Kitambaa cha Mama Mkwe Juu ya Mashine

Bunia, Nyakasanza
Agosti 2021

Kwako Yaya Kanyere, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu za wote wa nyumba hii, wakubwa kwa wadogo. Natumaini barua inakukuta mzima hapo Butembo, shemeji naye mzima, na mgongo wako ule uliokuwa ukikusumbua umetulia. Sisi huku tunapumua. Watoto wana kikohozi cha vumbi, Suzanne wangu hajambo na anakusalimu, mama yake naye hajambo. Mimi mwili ni mzima ila kichwa kimechoka, na ukiendelea kusoma utajua kimechoshwa na nini. Aliyekuletea bahasha hii mlangoni ni mtu wa pikipiki tu, hajui lolote, usianze kumhoji.

Yaya, tangu mwezi wa sita ujumbe wako kwangu ni swali lile lile: mashine uliyotutumia kwa nini inazimika kila siku, na mimi nimeifanya nini. Katika ule wa mwisho uliniita mzembe. Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo. Ningekujibu kwa simu, lakini kwenye simu wewe hunikata kabla sijafika katikati, na haya mambo hayana maana mpaka yafike mwisho. Fimbo ya mbali haiui nyoka, Yaya. Wewe uko mbali na fimbo yako, nyoka niko naye mimi sebuleni.

Mpango wako naukumbuka vizuri. Chuo kilifungwa kwa sababu ya vita, mdogo wetu Delphin akabaki bure, akaanza kusimama barabarani na wale vijana wanaosema wanalinda mtaa. Kila mtu hapa Bunia anajua kwamba kutoka kulinda mtaa hadi kuingia msituni na bunduki si mbali. Ukasema Delphin anapenda michezo ya kompyuta kuliko chakula, basi apewe kompyuta kubwa ya michezo na hatatoka nje mpaka amani irudi. Ukatafuta lile sanduku la chuma lenye kioo ubavuni na taa za rangi ndani, likapakiwa kwenye lori, likapita Marabo, pale magari yanapoviziwa, nyuma ya magari ya askari, likatufikia limekula vumbi la njia nzima. Nilisema moyoni kwamba dada yangu ana akili. Bado nasema hivyo, ingawa kwa sauti ndogo kuliko mwanzo.

Na kweli Delphin alikaa. Asubuhi hata uso hanawi, ameshakaa mbele ya mashine. Mchezo wake ulikuwa mmoja tu, ule wa askari wanaovamia mji uliobomoka, masasi, yaani milio ya risasi, kutoka asubuhi hadi umeme ukatike. Kelele zilituchosha, lakini tulimwona kwa macho, na hilo ndilo tulilolitaka.

Kisha ikaanza kuzimika. Feni zinanguruma kama lori linalopanda mlima, kioo cha picha kinakuwa cheusi, halafu kimya. Ukigusa sanduku unatoa mkono haraka. Na kila ilipozimika, Delphin alivaa viatu akatoka. Ndiyo maana, Yaya, sikuwa natengeneza kompyuta. Nilikuwa nazuia viatu visivaliwe.

Nikamleta Théodore, fundi aliye karibu na kazi yangu pale kwenye fotokopi. Alinieleza kwamba mashine kama hii lazima ipumue. Feni za mbele zinavuta hewa ya baridi, za nyuma na za juu zinatoa ya joto, na hewa ikikosa njia, mashine inajizima yenyewe isije ikaungua. Tukaifungua. Vumbi ndani lilikuwa nene kama blanketi, tukalitoa kwa burashi ya rangi na pampu ya baiskeli. Tukakuta feni ya mbele imefungwa kinyume, inasukuma hewa nje wakati ile ya nyuma nayo inasukuma nje, kila mmoja anafukuza na hakuna anayekaribisha. Tukaigeuza. Nyaya zilizokuwa zimejazana katikati tukazivuta pembeni, tukazifunga kwa vipande vya kitenge. Tukabadilisha ile dawa nyeupe inayopakwa kati ya ubongo wa mashine na chuma chake cha kupozea, maana ya zamani ilikuwa imekauka kama ugali wa jana. Tukainyanyua juu ya matofali ili ivute hewa kutoka chini. Théodore akaipima akasema sasa hata ikicheza wiki nzima haitashika joto. Kesho yake mchana nikapigiwa simu kazini: imezimika, Delphin ametoka.

Sasa nikuambie jambo ambalo nilikuwa naliona kwa macho yangu na sikuweza kulisema. Juu ya mashine kulikuwa na kitambaa.

Unajua desturi yetu. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, hata jagi la maji. Mama Léonie, mama yake Suzanne, alitukimbilia kutoka upande wa Djugu bila kitu ila nguo aliyovaa, na kazi ya kwanza aliyoifanya katika nyumba yangu ilikuwa kuiheshimu ile mashine. Akafuma kitambaa cheupe chenye maua ya njano, kizuri kabisa, akakitandika juu na kukishusha nyuma mpaka chini, pale pale joto linapotokea. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa ni nguo yenyewe.

Delphin asingeweza kukitoa, ni kijana, na kitambaa ni cha mzee. Mimi ndiyo kabisa. Mama mkwe hata usoni simtazami, nitaanzia wapi kumfundisha habari za hewa? Nikamwomba Suzanne amwambie mama yake. Suzanne alinitazama kama mtu aliyetukana kanisani. Alisema mama hana kitu katika nyumba hii isipokuwa kile kitambaa, na kukitoa ni kumtoa yeye. Basi nikawa mtu mzima anayetafuta njia ya hewa kuzunguka heshima. Niligeuza mashine ili mgongo utazame dirisha. Mama Léonie akageuza kitambaa. Nilitoboa matundu ubavuni. Siku mbili hazikupita, kitambaa kimeongezwa upande ule ule, na maua. Nilitoboa juu, akafuma cha juu kilicho kizito zaidi. Nikawa nasema, Mungu wangu, mama huyu anatupenda mno.

Jumamosi iliyopita nikarudi kutoka kazini mapema. Mashine ilikuwa imekufa, inachoma, na Delphin hayupo. Mtaani kulikuwa na habari kwamba wale vijana wanakusanya wenzao. Mama Léonie alikuwa kwenye kiti chake, sindano mkononi, anafuma. Yaya, maji yalinifika shingoni. Nilikamata kile kitambaa mbele yake nikakivuta, kitu ambacho baba yetu angekuwa hai asingenisamehe. Nikamwambia kwamba kitambaa hiki kinaua mashine, na mashine ikifa mtoto anatoka, na akitoka atakwenda kufa. Sauti yangu ilikuwa ya juu. Suzanne alisimama mlango wa jikoni akashika mdomo.

Mama Léonie hakukasirika. Aliweka sindano chini, akasema, “Najua, mukwe. Niko naifunga makusudi.”

Akaeleza polepole, na mimi nimesimama na kitambaa mkononi kama mwizi. Siku ya kwanza tu aliweka mkono nyuma ya mashine akasikia pumzi inatoka, ya moto, akasema moyoni kwamba kitu chenye pumzi kikizibwa kitanyamaza. Kila nilipotoboa tundu, yeye aliliona, akaliziba. Unajua kwamba mtoto wake wa mwisho, Adrien, alikufa katika vita hivi. Alivyokwenda hakuwahi kutusimulia, hata Suzanne hakumsimulia. Siku ile alisema. “Adrien alianzaka vile vile. Alipendaka kwanza sauti ya masasi, kutoka mbali, kama muziki. Kisha siku moja akarudi nyumbani, akakaa muzuri, akakula chakula yangu yote. Nikafurahi. Sikumuuliza kitu. Kumbe alikuja kuniaga.”

Tazama, Yaya. Wewe ulituma mashine ili bunduki zisimpate Delphin. Mama mkwe wangu aliiua kila siku ili bunduki zisimpate Delphin. Na mimi katikati, na bisibisi, namfungulia mmoja pua na mwingine anaiziba. Nilitaka kucheka nikashindwa, nikakaa chini.

Hapo ndipo tulipomwona Delphin. Alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Mama Léonie hakumwambia karibu wala pole. Alimtazama moja kwa moja akauliza, “Na weye, unaenda siku gani?”

Swali hilo, Yaya, hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza. Wewe ulimpa mashine, mimi nikampa hewa, na kumuuliza tulisahau wote wawili. Delphin akasema, “Kesho, mama. Nyuma ya misa.”

Mfuko wake ulikuwa tayari chini ya kitanda, na shuka, na viatu vya akiba. Alikuwa amewapa wale vijana neno lake kwamba atakwenda, zamani, kabla mashine haijafika. Alituambia kwamba alikuwa akicheza kwa sababu anaogopa, na mashine ilipozimika alikuwa hana mahali pa kuweka woga wake, basi anatoka akaungane nao. Kisha mtoto yule mrefu, anayenipita mimi kwa kichwa, alikaa sakafuni karibu na kiti cha mama yule akalia. Mama Léonie aliweka mkono juu ya kichwa chake na hakumnyamazisha.

Ukishawapa watu wale neno lako na usiende, huwezi kubaki mtaani, watakufuata. Suzanne alikwenda kwa mapadri usiku haujaingia, akina mama wa parokia wakajipanga, na kikapatikana kiti kwenye ndege ndogo ya kwenda Beni, maana njia ya Marabo simpitishi mtu ninayempenda.

Yaya, safari hiyo nayo ndiyo sababu sikukuambia kwa simu. Delphin hayuko msituni. Hayuko Bunia pia. Kutoka Beni amepanda gari, na wakati unasoma maneno haya amekaa kwenye duka la Gaspard, mbele ya nyumba yako, ng'ambo ya barabara. Nilimwagiza ampe mtu wa pikipiki barua na asibishe hodi mpaka umemaliza kusoma, kwa sababu anaona aibu juu ya mashine yako na anaogopa ulimi wako. Najua Butembo nako si peponi. Lakini huko neno lake halijamtangulia.

Usimuulize habari za mashine. Iko hapa, haina kitambaa, hewa inaingia mbele na kutoka nyuma vizuri kabisa, baridi kama mtungi, na hakuna wa kuicheza. Mpe chakula, na akila vizuri sana usifurahi haraka. Muulize kila siku yuko wapi moyoni, hata akikasirika. Kitambaa amekibeba yeye, Mama Léonie alikikunja mwenyewe akakitia katika mfuko wake. Kiweke juu ya kitanda atakacholala, na nakuomba kwa jina la marehemu mama, usikiweke juu ya kitu chochote chenye feni.

Msalimie shemeji na watoto, na wote wanaotuuliza hali. Suzanne anasema utamwandikia yeye safari nyingine, kwa kuwa mimi nimechoka. Nakuaga kwa heshima na kwa upendo, na sasa kunja karatasi hii, uende umwite.

Ni mimi mdogo wako,
Kamate