Nimeiweka Bia ya Mke Wangu Kwenye Baridi

Shangazi mpendwa, nisaidie upesi maana mke wangu anarudi kesho. Sisi wawili tunapika bia kwenye banda nyuma ya nyumba, mimi bia aina ya laga, yeye aina ya eli, na humo mna chumba kimoja cha baridi ambacho ni changu, kwa sababu hamira ya laga hufanya kazi kwenye baridi, chini kabisa ndani ya tangi, polepole, wiki nenda wiki rudi, nami humwambia haraka haraka haina baraka, naye hunijibu ngoja ngoja huumiza matumbo, kwa kuwa hamira ya eli hupenda joto, hupanda juu na povu lake, na bia yake inanukia matunda na kunyweka wakati yangu hata haijatulia, basi tunataniana hivyo na raha tunayo. Juzi alikwenda kumwona dada yake aliyejifungua, akaniambia, "Baba watoto, tangi langu liangalie tu, usiliguse." Eli hiyo ni ya sherehe ya baba yake anayestaafu baada ya wiki mbili, mzee ambaye hajawahi kuonja kazi ya bintiye. Mimi nikaona povu limefurika mpaka sakafuni, nikaingiwa na huruma, nikalisukuma tangi kwenye baridi yangu lipumzike. Leo asubuhi kimya, povu limezama, bia bado tamu kama maji ya sukari. Nafikiria kujaza laga yangu kwenye pipa lake la kupeleka sherehe na kuitia rangi kwa sukari ya kuungua. Nani atajua?

*Mume mwenye huruma*

Baba watoto, nani atajua? Mkeo atajua kabla hajavua viatu! Mimi na marehemu mume wangu tuliuza bia miaka mingi, na hakuna mpishi wa eli asiyeitambua yake kwa pua. Uliambiwa usiguse, ukagusa. Povu lile halikuwa ugonjwa, ilikuwa kazi inaendelea.

Lakini pole, huruma yako naiona, na mambo hayajaharibika. Hamira hiyo haijafa, imelala. Litoe tangi sasa hivi, lirudishe penye joto la chumba, usilipashe kwa moto. Likishapata joto, litikise taratibu bila kulifungua, hamira iliyozama ipande tena. Kisha toa mikono yako.

Leo hii mpigie simu mkeo, useme yote. Mficha uchi hazai. Atakufokea, msikilize mpaka amalize, kwa kuwa mzee anakwenda kuonja kazi ya binti yake kwa mara ya kwanza, na wewe ulitaka aonje yako bila kujua. Hilo mkeo angekusamehe lini?

Laga yako nayo ipeleke kwenye sherehe, kwa jina lake na rangi yake. Baba mkwe ana mikono miwili.